Mama Aliyejibu "Hatujambo"

Nisikilizeni, akina mama na akina baba. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, tena mlizi, asiyejua mchana wala usiku. Mama yule alichoka hadi moyoni. Siku moja alimlaza mtoto kitandani, akafunga mlango, akaenda kukaa nyuma ya jiko ameziba masikio. Aliona aibu, hakumwambia hata mumewe.

Kanisani kwao kulikuwa na darasa la wazazi kila Jumamosi. Alikwenda akitamani ampate mwingine, japo mmoja, aliyekutwa na hayo. Mwalimu akauliza, "Hamjambo majumbani?" Wote wakaitika, "Hatujambo, tunamshukuru Mungu." Naye akaitika hivyohivyo. Ninyi mngejibuje?

Ndipo binti mmoja aliyekaa ubavuni pake, mwenye mtoto wa kwanza, akasema, "Mimi sisemi uongo. Mwanangu akilia, natamani kumkimbia."

Mama mmoja mtu mzima akaguna. "He! Mwenzangu, wenzio wanalilia watoto hawapati, wewe unataka kumkimbia wako?"

Binti akamgeukia mama yetu. "Dada, wewe je? Hayajakukuta?"

Maneno yalishafika mdomoni. Akazitazama zile nyuso, akasema, "Hapana, mdogo wangu. Mimi hayajanikuta."

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Mama yetu akakosa amani, akamfuata kwake. Alimkuta mama mkwe wa binti amembeba mjukuu mgongoni, anambembeleza.

"Kaondoka," yule bibi akasema. "Hatujui aliko. Kasema mtoto huyu anastahili mama mwingine, maana darasani aliuliza, akaonekana mbaya ni yeye peke yake."

Peke yake! Ndugu zangu, mwenzake si alikuwa amekaa naye benchi moja?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumekwisha kuzaa, ndipo tunaanza kuficha. Tunakuja hapa kanisani tumevaa, tumejipaka mafuta, tunaulizana habari za nyumbani na kujibu "njema" huku tunazama. Darasa letu la wazazi hapa ni jema, mimi mwenyewe nililiombea. Lakini darasa la watu wasio na shida humfukuza mwenye shida, na sisi ndio tulioketi humo. Inauma, nami inaniuma. Basi tukitoka pale mlangoni, mtu akikuuliza, "Hamjambo nyumbani?" usiharakishe kumjibu. Huenda anamtafuta mwenzake.