Matundu Ishirini ya Wodi ya Kifua Kikuu

Hapo zamani, si zamani za babu zetu bali hizi ambazo wengi wetu tulizishuhudia, kulikuwa na hospitali ya mawe huko milimani Upare. Sikilizeni habari za fundi aliyeizibia matundu yake, maana nikimaliza nitawauliza jambo.

Fundi huyo aliitwa Elinazi Mshana. Binti yake wa pekee, Nakiete, alikuwa muuguzi katika wodi ya kifua kikuu ya hospitali hiyohiyo. Wodi ilikuwa kuukuu. Bati lilivuja, na asubuhi za Julai wagonjwa walitetemeka. Lakini chini ya paa waashi wa kale walikuwa wameacha matundu ishirini, na upepo uliingilia huku ukatokea kule, ukaondoka na hewa ya wakohozi.

Wakubwa wakaamua jengo lisibomolewe. Likarabatiwe, lidumu miaka mingine mingi, litunze joto na lisile umeme. Akaletwa Injinia Lukumay. Akachora bati jipya na sola juu yake, madirisha ya vioo visivyofunguka, matundu yote yazibwe, na feni nne za kuvuta hewa chafu, zitakazoendeshwa na sola hiyo.

Elinazi akasimama na mwiko mkononi. "Injinia, matundu haya hayahitaji umeme. Hizo feni zikizimika je?"

"Hazitazimika, mzee. Nimezipigia hesabu."

Elinazi akaziba la kwanza. Akaziba la pili. Akaziba yote ishirini, na hakuuliza tena.

Miezi mitano wodi ilikuwa na joto zuri, wagonjwa wakashukuru. Kisha ikafa jenereta iliyoendesha mashine za oksijeni za vichanga. Mganga mkuu, Daktari Msuya, akaagiza betri za sola zihamishiwe huko. Vichanga tisa wakapona. Feni zikasimama.

"Ni wiki mbili tu," aliwaambia wauguzi. Ikawa miezi saba.

Nakiete alimwambia baba yake, "Baba, mle ndani hewa imelala."

"Mwambie daktari."

"Nimemwambia. Anasema jenereta iko njiani."

"Basi vumilia, mwanangu."

Asubuhi moja tu ingemtosha Elinazi kuyafungua matundu yale. Lakini alikuwa ameahidiwa kazi ya wodi ya pili, akaogopa kuonekana mkorofi.

Nakiete akaanza kukohoa. Alipata kifua kikuu kile kisichosikia dawa za kawaida. Alikonda hadi sare ikawa inamning'inia, na kabla ya mvua za vuli akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Siku ya kulijengea kaburi lake kwa mawe, injinia, daktari na fundi, wote watatu walikuja kusaidia. Mama wa marehemu, Naetwe, akasimama kati yao na rundo la mawe.

"Aliyemuua mwanangu asishike jiwe hata moja," alisema. "Haya, semeni."

Injinia akasema, "Mama, nilichora matundu yazibwe, lakini nilichora na feni. Feni sikuzizima mimi."

Daktari akasema, "Nilizizima mimi. Vichanga tisa walikuwa wanakata pumzi mbele yangu, na hatari ya wodi ile ilikuwa ya kesho. Niliandika barua sita kuomba jenereta. Hakuna aliyenijibu."

Naetwe akamgeukia mumewe. Elinazi hakuinua uso.

"Hawa wana la kujitetea," alisema. "Mimi nilijua tangu tundu la kwanza. Aliponiambia hewa imelala, nilijua. Na nyundo ilikuwa nyumbani."

Na wakati wanasema hayo, mle wodini wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamelala, matundu bado yamezibwa, maana kibali cha kuyafungua kilikuwa hakijatoka.

Naetwe hakulia. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akanyoosha kidole kwa mmoja wao, na huyo akaondoka makaburini bila kugeuka nyuma. Wawili waliobaki wakaanza kubeba mawe, kila mmoja akijua kwamba kidole kile kingeweza kumwangukia yeye.

Ni nani aliyeondoka, mimi sisemi. Semeni ninyi mliosikia: mmoja alichora, mmoja alizima, mmoja alijua akanyamaza. Je, nani hakustahili kushika jiwe la Nakiete?