Koleo la Kangero

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndivyo alivyosema bibi yenu asubuhi, baada ya mwenzenu Mbazi kukanyaga redio ya jirani, nanyi mkaanza kubishana nani ailipe: aliyeikanyaga, au aliyeiacha mlangoni watu wanapopita. Sasa mnaniuliza koleo linahusikaje na redio. Neno hilo lina wenyewe, na lilizaliwa siku ya hofu kubwa. Sikilizeni lilivyozaliwa.

Hapo zamani, katika milima ya Upare, palikuwa na kijiji ambacho siku hizi kimemezwa na msitu. Kilikuwa na mhunzi mmoja tu, jina lake Kangero, na watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa chui. Si kwamba alikuwa mkali. Hata sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini uhunzi ulikuwa kazi ya ukoo, ukirithiwa pamoja na siri zake, na kila mtoto aliambiwa tangu anaponyonya kwamba mhunzi akikasirika huigonga fuawe, pande lake la kufulia chuma, ikiwa tupu, huku akitaja jina la mtu. Mtu huyo hafiki mavuno. Na watoto wake humfuata.

Katika kijiji hicho aliolewa mwanamke aitwaye Naghenjwa. Aliishi na mumewe Sekiete, na mama mkwe wake Nanzia, na binti mmoja, Namkunda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Kabla ya Namkunda, Naghenjwa alikuwa amezika mtoto mwingine. Basi huyu alimshika kama mtu ashikavyo yai.

Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimekaribia, Naghenjwa alikuta moto jikoni kwake umezimika. Enzi hizo hapakuwa na kiberiti. Moto ukikuzimikia, unaenda kuuomba kwa jirani. Lakini siku hiyo majirani wote walikuwa wamevuka bonde kwenda mazikoni, na mama mkwe wake alikuwa amebaki nyumbani na mtoto. Moto uliobaki ulikuwa mmoja tu: ule wa Kangero, ambao haukuzimwa kamwe, ulifunikwa majivu tu.

Akapiga hodi kwenye kibanda cha mhunzi. Kimya. Akapiga tena. Kumbe Kangero naye alikuwa amekwenda kuzika, yeye na binamu yake anayemvukutia moto. Naghenjwa alitazama nyuma, akaona njia ni tupu, akaingia.

Kaa zuri jekundu lilikuwa limebanwa chini ya bonge zito la mavi ya chuma, makapi yaliyoganda. Pembeni, kwenye nguzo, lilining'inia koleo. Akajiambia, nitaligusa kidogo tu, kisha nitalirudisha. Akaliingiza chini ya bonge lile, akalikandamiza kwa nguvu.

Ta!

Kipande kimoja kilibaki mkononi mwake. Kingine kiliruka, kikaangukia majivuni.

 Midomo ilimkauka Naghenjwa. Alivilaza vile vipande kando ya moto, kimoja sambamba na kingine, kama vile vikikaa karibu vitaungana, kisha akakimbia. Moto wenyewe aliusahau. Siku hiyo walikula ndizi mbivu, na mama mkwe alipouliza, alijibu, "Kule nako hakuna mtu, mama."

Kesho yake aliamka akisubiri. Kila asubuhi kijiji kizima kiliamshwa na nyundo ya Kangero. Asubuhi hiyo nyundo haikulia. Wala asubuhi iliyofuata. Ukimya ule ulimtisha kuliko makelele. Gogota akigonga mti, moyo ulimruka. Jirani akianza kutwanga, alishika kifua na kusikiliza: je, ndiyo ile fuawe tupu? Je, jina lililotajwa ni langu, au la mtoto?

Mawingu nayo yalikuwa yanajikusanya, na majembe ya watu yalikuwa kwa mhunzi, mengine mabovu, mengine hayajafuliwa. Waliokwenda kuulizia walimkuta mlangoni. Aliwaambia neno moja tu, "Koleo limevunjika," akageuka akaingia ndani. Yule binamu yake alikuwa amekwisha kukimbilia kwa wakweze, naye hakusema kwa nini.

Wanaume wakakutana. Wengine walisema alipe aliyevunja. Wengine wakauliza, atalipa nini? Koleo lile lilikuwa la baba yake Kangero. Mbuzi wangapi ni sawa na kitu cha marehemu? Mzee mmoja, Mbonea, akamaliza maneno: "Aliyevunja asipojitokeza, tutalipa sote. Mvua haimngoji mtu."

Sekiete alirudi na habari hizo nyumbani. Naghenjwa alikuwa amempakata mtoto. Namkunda alikuwa amechemka mwili, analia na kukataa ziwa.

Hapo Naghenjwa hakuweza kuficha tena. "Ni mimi," alisema. "Koleo nimelivunja mimi. Na sasa ameanza na mtoto wangu."

Sekiete alifunga mlango haraka. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza! Na koleo lenyewe lilikuwa kuukuu. Kosa ni la mwenyewe aliyeliacha na kwenda zake."

Nanzia alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Mwanangu," alimwambia Sekiete, "chui akiwa ndani ya nyumba, huulizi nani aliacha mlango wazi." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mfungue yule mbuzi wa maziwa. Nenda naye. Mimi nitakufuata kwa nyuma, ukianguka nimchukue mtoto."

Naghenjwa alitoka, mtoto mgongoni, kamba ya mbuzi mkononi. Watu waliomwona wakaelewa. Hakuna aliyemsemesha. Walimpisha njia, na mama mmoja akawavuta watoto wake ndani.

Kangero alikuwa ameketi kibandani peke yake. Ule moto ambao haukuzimwa kamwe ulikuwa umezimika. Nyundo ilikuwa magotini mwake, na fuawe ilikuwa mbele yake, tupu.

Naghenjwa alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Baba, mtoto amechemka mwili. Nakuomba, usitaje jina lake. Taja langu."

Kangero aliinua kichwa. "Jina la nini?"

"Ni mimi niliyevunja koleo. Niliingia kuomba moto, hukuwapo. Nikalitumia bila ruhusa."

Mhunzi aliinua nyundo kutoka magotini.  Naghenjwa akafumba macho. Alisikia nyundo ikishuka, akakaza meno akingoja mlio wa fuawe. Ilitua mchangani.

"Rudia," Kangero alisema. "Ulilivunja wewe? Kwa mkono wako huo?"

"Kwa mkono wangu, baba."

"Na wewe ndiye uliyevilaza vipande vile, kimoja kando ya kingine?"

"Ndiye mimi."

Kangero alijifunika uso kwa viganja, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. "Nilidhani ni baba yangu," alisema. "Nilirudi kutoka makaburini nikavikuta vimelazwa kama maiti. Nikasema, marehemu amekuja kuchukua kilicho chake, na anayefuata ni mimi. Binamu yangu alipoviona alikimbia. Nimekaa hapa nikingoja kufa."

Naghenjwa alifumbua macho. Mtu yule aliyeogopwa na kijiji kizima alikuwa na midomo mikavu kama yake.

"Mbuzi ni huyu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mrudishe, mtoto anywe maziwa. Mlete huyo mtoto nimwone." Alimsogelea Namkunda, na Naghenjwa akajikaza asirudi nyuma. Kangero aliingiza kidole chake cheusi mdomoni mwa mtoto, akapapasa ufizi. "Nimelea saba. Huyu ana jino linatoka, tena kubwa. Hakuna aliyemtaja."

Nanzia, aliyekuwa nje, aliketi chini.

"Lakini umevunja, na utalipa," Kangero akaendelea. "Koleo halilipwi kwa mbuzi. Anayenivukutia amekimbia. Utashika mivukuto wewe, uupulize moto. Na mimi nitalipa upande wangu. Ule ufa niliuona tangu mavuno. Baba alikufa kabla ya kunifundisha kuunda koleo, nikaogopa kujaribu, nikanyamaza. Wewe ulilikandamiza, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuliacha life."

Moto ukaletwa kutoka jikoni kwa Mbonea. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika mivukuto kijijini pale, na Naghenjwa alivukuta huku akiona kama mizimu yote ya ukoo ule inamtazama mgongoni. Kangero hakuwa na cha kushikia chuma. Alipasua mti mbichi, akakibana nao. Mti ukashika moto. Akapasua mwingine. Taya la kwanza lilipinda. La pili lilivunjika lilipoguswa na nyundo, na Naghenjwa akaacha kuvukuta, machozi yakimtoka.

"Vukuta," Kangero alisema. "Mimi pia naogopa. Vukuta tu."

Nyundo iliposikika, watu mashambani walisimama kama miti. Wapo waliowabeba watoto na kukimbilia vichakani. Sekiete alikuja mbio, fimbo mkononi, asijue atampiga nani. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe amejaa masizi usoni, na mhunzi amekishika chuma chekundu kwa koleo jipya. Lilikuwa koleo baya, taya moja refu kuliko jingine. Lakini lilishika.

Watu wakaja mmoja mmoja, wakasimama mbali kidogo. Mbonea ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Kangero, nani amelipa?"

"Tumelipa wote wawili. Yeye kwa mikono yake, mimi kwa kujifunza nisichokijua."

"Nasi tulidhani uhunzi wa baba yako umekwisha."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Kangero akasema. Alikigeuza chuma, akakitazama, akamwashiria Naghenjwa aongeze upepo. "Koleo limevunjika kweli, mzee. Leteni majembe yenu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."