Choya Iliyomjua Mwizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kusoma shule za bweni, alikuwako Pimbi, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Msicheke, wanangu. Kwani nyinyi hamsomi?

Siku moja kabla ya mtihani wa kemia, Pimbi alikwenda bwenini kuchukua daftari lake. Alikuwa amelihifadhi ndani ya kopo la majivu chini ya kitanda, kama mama yake alivyomfundisha, ili mchwa wasilitafune. Akaingiza mkono. Patupu!

"Mama yangu wee!" akalia. Mtihani huo ndio ungeamua nani apande kidato cha tatu, na yeye alikuwa na daftari hilo moja tu. Kitabu hakuwa nacho.

Chumba kile walilala watatu: yeye, Kiboko na Nyati. Akawafuata uwanjani.

"Ndugu zangu, nani kanichukulia daftari?"

"Mimi natoka mtoni sasa hivi," akasema Kiboko, maji yakimchuruzika.

Nyati akakunja uso. "Unanishuku mimi? Nitakukanyaga, pa! Ubaki kama chapati!"

Pimbi hakubishana. Utabishanaje na pembe? Alikwenda jikoni, akarudi na mabakuli mawili ya maji ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea kinywaji, mepesi lakini mekundu.

"Choya hii ya bibi yangu haipendi wezi," akasema kwa upole. "Mwizi akitia mguu, inabadilika rangi."

"Ho! Ho! Ho!" Nyati akacheka. "Choya itamjuaje mwizi? Lete!"

Kiboko akatangulia. Chubwi! Maji yakabaki mekundu vilevile.

Nyati naye akatia kwato kwa maringo. Chubwi! Alikuwa amejifuta majivu kwenye nyasi, akajiona msafi. Kwa juu, ndiyo. Katikati ya kwato, je?

"Sugua kidogo, kaka," akasema Pimbi. "Hapo hapo katikati."

Nyati akasugua. Wekundu ukafifia, ukawa zambarau, mara kijani!

"Yalaa!" Nyati akaruka nyuma. "Imenijua! Imenijua! Nisamehe, dada Pimbi! Daftari liko chini ya mto wangu!"

"Ulikuwa ukilisoma?"

"Nilikuwa nikililalia, ili yaliyomo yapande kichwani."

"Yamepanda?"

Nyati akajipapasa kichwa. "Bado."

Kiboko alicheka hadi akakaa chini. Daftari likaletwa. Pimbi akalikumbatia, machozi yakimlengalenga, kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akamsogezea Nyati.

"Soma kwa sauti, kaka."

Nyati akakohoa. "Majivu ni besi. Choya ikikutana na besi... huacha wekundu... hugeuka kijani."

Akatazama kwato zake. Akatazama bakuli.

"Kumbe bibi yako hamo kabisa!"

"Bibi yangu hata choya hanywi," akasema Pimbi.

"Kwa hiyo ningefungua huu ukurasa wa kwanza tu..."

"Ungeosha kwato vizuri, kaka, nami kesho ningefeli."

Nyati akainamisha pembe zake kubwa kwa aibu. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na Pimbi, na safari hii akafungua ukurasa wa pili mwenyewe.

Daftari huibwa, wanangu, yaliyomo husomwa.