Pembe Iliyomtaja Bi Tima

Mpo wote? Haya, niazimeni masikio, nitayarudisha na hadithi ndani yake.

Hapo kale, katika mji mmoja wa pwani, wanawake walisherehekea harusi kwa kuimba vugo huku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Na desturi yao, mtunzi wa wimbo hujitaja jina katika ubeti wa mwisho.

Mmoja wao, Mwanashee, alijaliwa sauti tamu, lakini kutunga kulimshinda. Basi akauchukua wimbo wa jirani yake, Bi Tima, bibi mzee aliyemfundisha kuimba. Akalitoa jina la bibi, akatia lake.

Siku ya harusi akaimba, vigelegele vikarindima. Akamalizia, "Mtunzi ni mimi, Mwanashee!" Akagonga pembe.

Pembe ikalia, "Tima!"

Akagonga kwa nguvu zaidi. "Tima!"

Mara ya tatu hakugonga yeye. Kijiti kilijigonga chenyewe. "Tima! Tima! Tima!"

Vigelegele vikakatika. Mwanashee akatamani ardhi ipasuke immeze.

Bi Tima akainuka mkekani taratibu, akaishika ile pembe. "Mbona mnamkodolea macho mwanangu? Pembe imezeeka hii, haisikii vizuri. Wimbo ni wake."

Pembe ikamtii bibi. Tangu siku hiyo, kila ikigongwa, iliita, "Mwanashee! Mwanashee!" Mji mzima ukamsifu. Naye, kila aliposikia jina lake, alijifunika leso uso mzima.

Masikio yenu hayo, nawarudishia.