Hodi ya Radi

Paukwa!

Pakawa!

Wingu lipo?

Lipo, limenuna.

Basi sogeeni ndani, mlango wangu u wazi.

Hapo zamani, Radi alikuwa na adabu. Alizaliwa tumboni mwa wingu, barafu na mvua ya mawe zikisuguana, zikisuguana, zikisuguana, hata wingu likavimba. Ndipo akatoka kwenda duniani. Hakushuka moja kwa moja. Alipiga hatua, akasimama, akaita, "Hodi!" Hatua nyingine, upande mwingine, "Hodi!" Hatua ya tatu, "Hodi!" Asipojibiwa, alirudi zake. Akijibiwa, jibu lilipanda kutoka chini, wakakutana njiani, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Kilimani aliishi mama mmoja, Mbuke, na watoto wake wanne. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa ndefu kwenda juu, tena imelelewa vizuri mno: ikisikia hodi tu, "Karibu!" Mbuke akajenga, ikaungua. Akajenga, ikaungua. Akajenga ya tatu, na bondeni hapakubaki hata unyasi.

"Wewe nyumba, unamkaribisha nani usiyemjua?"

"Mama, ninapigiwa hodi. Ninyamaze kama sikufunzwa?"

Mbuke hakulia. Mwenye watoto wanne ana nafasi ya kulia, jamani? Alikata mti mrefu kuliko nyumba, akausimika mbali na ukuta. Kileleni akafunga mtaimbo wake wa kuchimbia, chuma kitupu. Kwenye mtaimbo akafunga mnyororo, akauteremsha mpaka chini, akauzika katika udongo mbichi.

Jirani yake Nkwimba akacheka. "Shoga, unafunga mbuzi gani huko juu?"

"Yuko njiani anakuja. Nenda kaanue nguo zako."

Wingu likatanda. Mbuke akawaingiza watoto, akafunga mlango, akasikiliza.

"Hodi!"

Mbali bado.

"Hodi!"

Inakaribia.

"Hodi!"

Nyumba ikafumbua mdomo: "Ka..."

"Karibu!" Mtaimbo umeshawahi, huko juu.

Radi akaingia kwenye chuma, akateremka na mnyororo, akajikuta matopeni. Akanguruma hata vyungu vikatikisika.

"Mama wee! Umenionyesha mlango usio na nyumba!"

"Ndiyo," Mbuke akajibu kutoka ndani. "Na ukirudi, pita huohuo."

Nyasi hazikuungua tena. Watoto walilala pakavu.

Hadithi imeshuka, imezama ardhini. Aliye mlangoni na aingie, na akisikia hodi, aulize kwanza: nani?