Kwa Nini Mtungi Hugongwa Kabla ya Kununuliwa

Kabla kidole hakijajua kazi ya kugonga, huku kwetu milimani Upare mtungi ulikuwa mtungi tu. Mwenye kuutaka alikwenda kwa mfinyanzi aliye karibu, akatazama kama shingo imekaa sawa, akatoa mtama wa kuujaza, akajitwisha, akaondoka. Bei ilikuwa hiyo moja. Mtungi wa aliyefinyanga maisha yake yote ulijazwa mtama mara moja, na wa aliyeanza juzi ulijazwa mara moja, na hakuna aliyeona ajabu. Udongo si ni ule ule wa bondeni? Kuni si ni zile zile? Ndivyo walivyosema wazee wetu, na ndivyo mnavyosema nyinyi mpaka leo mkiambiwa bei ya kazi ya mikono ya mtu, msikatae.

Siku hizo aliishi mama mmoja, jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nakundwa, msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mwenye shingo ya kubeba mzigo na ulimi wa kujibu. Ili wapate kula, Nakijwa alikwenda kujifunza ufinyanzi kwa bibi aliyeitwa Nanzighe. Bibi huyo aliishi juu kabisa, mahali ambapo mtu hufika akihema. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa uzee, lakini mtungi wake ulikuwa haujapata kurudishwa na mtu.

Mafunzo ya Nanzighe yalikuwa ya viangazi vitatu. Kiangazi cha kwanza mwanafunzi alichimba udongo, akautwanga pamoja na vigae vya zamani, akaukanda mpaka kiuno kikaomba msamaha. Cha pili alijifunza kupandisha kuta za mtungi, kuulainisha kwa kokoto ya mtoni, kuuanika kivulini na kuuchoma. Nakijwa alikuwa na mkono mwepesi. Kilipokwisha kiangazi cha pili, mitungi yake ilipendeza kuliko ya mwalimu wake, na mabegani aliichora mistari mitatu ya udongo mwekundu ambayo watu waliifuata kuitazama.

Kiangazi cha tatu kilimshinda. Hakikuwa kigumu, alikiona cha upuuzi. Nanzighe alimfunga kitambaa machoni, akampangia mitungi mbele yake, akamwambia aigonge kwa fundo la kidole na kusema upi mzima na upi mgonjwa. Nakijwa aligonga asubuhi, akagonga alasiri. Siku ya nne alikivua kitambaa.

"Bibi, mimi macho ninayo," alisema. "Ufa nitauona."

"Ufa unaouona hauui mtu, mwanangu," alijibu Nanzighe.

Nakijwa aliona bibi huyu anatafuta wa kumwokotea kuni tu mwaka mwingine. Aliaga kwa heshima, akashuka, akaanza kazi yake mwenyewe. Wateja hawakukawia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini ni nani aliyetazama ndani? Mitungi ya Nakijwa ilikuwa mizuri, ilikuwa karibu, na bei ilikuwa ile ile. Wa kupanda mpaka kwa Nanzighe walibaki wachache.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Mitungi mingine ilitoka motoni na ufa mwembamba kama unywele. Huo aliuona, kwa kuwa macho alikuwa nayo, akausugulia udongo laini na juu yake akapitisha ule mstari mwekundu. Mingine ilikuwa na ufa ndani ya ukuta, usioonekana kabisa. Kisha ndani ya mitungi yote alipika uji mwepesi, kama inavyofanyiwa mitungi mipya, na uji ukaingia katika nyufa ukagandia humo. Maji yakimiminwa hayavuji. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nakijwa aliziba ufa, na hapo ndipo lilipokuwa kosa lake.

Ukaja mwaka wa njaa. Mvua za kwanza hazikunyesha, za pili zikadanganya. Mimumunye ilikauka shambani kabla ya kuzaa, kwa hiyo vibuyu vya safari havikupatikana. Wazee wakakata shauri kwamba watu kumi na wawili wavuke mbuga kwenda milima ya upande wa pili, kwa wakwe, wakaombe mtama wa mbegu. Safari hiyo ni ya siku nne, na mwaka huo hapakuwa na tone la maji njiani, maana hata mashimo ya tembo yalikuwa yamekauka. Walihitaji mitungi tisa. Yote waliichukua kwa Nakijwa, ya tanuri moja.

Nakundwa alikuwa mmoja wa wabebaji. Mama yake alimtwisha mtungi kwa mikono yake mwenyewe, akauweka sawa juu ya ngata, akarudi nyuma kuutazama.

"Mama, usinitazame hivyo," Nakundwa alisema. "Nakwenda na kurudi."

Nyumbani ulibaki mtungi wa kumi, ndugu wa ile tisa, uliojazwa maji asubuhi ile ile. Asubuhi ya tatu Nakijwa aliingia kuteka maji ya kunywa, na mguu wake ukakanyaga tope. Alisimama. Kulikuwa na harufu ya uji uliochacha. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye ule mstari mwekundu, na ukucha ukaingia. Uji ulikuwa umelainika ukawa kamasi, na maji yalikuwa yakitoka polepole, bila haraka yoyote. Wakati bado ameinama, ukuta wa mtungi uliachana, maji yote yakamwagika miguuni pake.

Nakijwa aliikumbuka ile tisa iliyokuwa njiani. Alikimbilia mitungi mingine iliyokuwa kibandani akaanza kuigonga, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudia. Masikio yake yalisikia kidole kikigonga udongo, basi. Hakujua sauti ya uzima ikoje wala ya ugonjwa ikoje. Huenda ile tisa yote ilikuwa mizima, huenda yote ilikuwa mibovu, na yeye aliyeifinyanga hakuwa na njia ya kujua. Alijitwisha mtungi mmoja mtupu akapanda mlima akikimbia.

Nanzighe aliupokea, akaugonga mara moja tu. Hakurudia.

"Wamekwenda watu wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wawili, bibi."

"Mitungi?"

"Tisa. Ya tanuri moja na huu."

Bibi hakumkaripia. Nakijwa alikuwa amejiandaa kukaripiwa njia nzima. Nanzighe aliingia ndani, akatoka na mtungi wake mwenyewe, mweusi, usio na pambo lolote.

"Jaza huu, tangulia," alisema. "Mimi napita nyumba kwa nyumba kugonga. Nitakayoikuta mizima, vijana wataileta nyuma yako."

Nakijwa alishuka mbugani na mtungi ule kichwani. Alitembea mchana akatembea usiku, akanywa pale tu miguu ilipokataa. Simba aliwasikia, na aliwaogopa kama mtu yeyote anavyowaogopa, lakini hofu yake kubwa ilikuwa mbele yake ardhini. Aliogopa kuona kitu chekundu.

Alikiona pale wasafiri walipolala usiku wa pili. Vigae. Mtu mwingine angeona vigae tu, yeye aliona mkono wake, mistari mitatu, ule wa katikati umekwenda juu kidogo kwa sababu siku ile Nakundwa alimchekesha. Aliuhesabu kuwa wa kwanza. Mwendo mfupi mbele akakuta wa pili na wa tatu mahali pamoja. Hapo mchanga ulikuwa umechimbwachimbwa. Aliinama kuangalia ni mnyama gani, akaona alama za vidole. Watu walikuwa wamepiga magoti wakauchimba mchanga uliolowa, wakaunyonya.

Baada ya hapo hakutaka kuhesabu, lakini kichwa kilihesabu chenyewe. Wa nne. Wa tano na wa sita. Kando ya wa saba palikuwa na mtu amefunikwa kwa matawi ya mgunga, miguu inaonekana. Ilikuwa miguu ya mzee, naye akaitambua, ni mzee Senkondo aliyekuwa akiijua njia. Mbele kidogo alikuwa kijana mmoja, hakufunikwa vizuri, nguvu za kufunika zilikuwa zimepungua.

Mtu wa tatu alikuwa mwanamke. Alikuwa amelala kifudifudi nje ya njia, na nguo ilimfunika kichwa. Nakijwa aliutua mtungi, akasimama mbali, hakuweza kukaribia. Jua lilipanda kiasi na yeye bado amesimama. Mwishowe alisogea, akaifunua nguo. Hakuwa Nakundwa. Alikuwa mke wa jirani, aliyekuwa akimletea moto asubuhi. Nakijwa alifurahi. Furaha ilimjaa mpaka akacheka, kisha akasikia kicheko chake mwenyewe pale mbugani juu ya maiti ya mtu aliyekufa kwa kazi yake, akaona aibu ambayo hakuimaliza mpaka anaingia kaburini.

Aliwakuta waliobaki chini ya mgunga, karibu na adhuhuri. Walikuwa tisa, midomo imepasuka, hakuna aliyeinuka kumlaki. Katikati yao palikuwa na mtungi mmoja tu wenye mistari mitatu, na ndani yake kata mbili za maji. Mtungi wa nane ulipowapasukia, walianza kuogopa hata kuugusa wa tisa. Nakundwa ndiye aliyeugonga. Njia nzima alikuwa ameshika masikioni jinsi ile mingine ilivyolia ikigusana na mawe kabla ya kuachana, bwe, bwe, sauti ya kitu kilichokwisha kukata tamaa. Huu wa tisa ulijibu vingine. Basi waliuamini, wakanywa kwa kulowesha ulimi, na ndio uliowafikisha hapo. Yale ambayo mama yake alikataa kujifunza kwa kiangazi kimoja, yeye alikuwa amejifunza kwa siku mbili, na ada yake ilikuwa watu watatu.

Nakijwa alipiga magoti akautua ule mtungi mweusi mbele ya mwanawe. Maji yalionekana mdomoni pa mtungi yakichezacheza. Wote waliyaona. Mmoja alitoa sauti kooni.

"Kunywa, mwanangu," alisema Nakijwa.

Nakundwa hakunywa. Alimtazama mama yake usoni, muda mrefu, kama mtu anayemtafuta anayemfahamu. Kisha akanyoosha mkono wake uliokauka, akaugonga mtungi kwa fundo la kidole mara tatu. Akaweka sikio.

Katika maisha yake yote Nakijwa hakuogopa kama alivyoogopa wakati huo. Hakuogopa mtungi, alijua ni wa nani. Aliogopa kwamba mtoto wake wa tumboni, mwenye kiu ya kufa, hakuweza kuyapokea maji kutoka mikononi mwake kabla hajayauliza. Angeweza kusema, huu si wangu, ni wa bibi, kunywa tu. Aliona hana haki ya kusema hata hilo. Aliinamisha macho, akangoja.

Mtungi ulilia vizuri. Nakundwa akateka kata ya kwanza akampa aliyelala chini zaidi, ya pili akampa aliyemfuata, mpaka wote wakapata, ndipo akanywa yeye. Jioni vijana walifika na mitungi minne, yote imekwisha kugongwa na Nanzighe, na watu tisa wakarudishwa nyumbani wakiwa hai.

Nakijwa aliivunja mitungi yake yote iliyokuwa kibandani, mizima na mibovu, akapanda kwa Nanzighe akiwa na kitambaa mkononi. Alikaa kiangazi cha tatu, akaongeza cha nne bila kuombwa. Alikuja kuwa mfinyanzi mkubwa, watu walitoka mbali kumfuata. Mistari mitatu hakuichora tena.

Na tangu siku hiyo, mtungi haununuliwi kwa macho. Ule unaojibu bwe haupati hata punje. Ule unaolia vizuri hujazwa mtama mara mbili, mara moja kwa ajili ya udongo na kuni, mara ya pili kwa ajili ya viangazi vitatu, na wenye akili hawalalamiki. Basi nyinyi mnaokwenda sokoni, mkimwona mama wa watu anaugonga mtungi mara tatu mbele ya aliyeufinyanga, msinong'one kwamba hana adabu. Mtazameni mfinyanzi. Hanuni, haisifu kazi yake, wala hasemi huu ni mzima, chukua tu. Huinamisha macho na kungoja kidole kimalize, hata kama anayegonga ni mtoto wake wa kumzaa.