Somoe na Mtoto wa Ndani

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnajibu kama wenye muhogo mdomoni? Sogeeni karibu. Wewe Sijali, acha kuchokoa moto. Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa mama, pakawa mwana, pakawa na mlango kati yao na ulimwengu.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha bondeni, aliondokea mwanamke jina lake Somoe. Alikuwa na mkono wa kulima na sauti ya kuimba, na kijiji kizima kilimpenda. Lakini Mungu alimpa mtihani. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwenda kucheza mtoni, mto ukamchukua. Mtoto wake wa pili alitoka kwenda kuokota kunazi, nyoka akamgonga. Mumewe akafa kwa homa, naye Somoe ni mjamzito. Akajifungua mtoto wa kike, wa tatu, akamwita Tatu.

Siku ya arobaini wanawake wakaja na ungo na udi, wamtoe mtoto nje alione jua kama ilivyo desturi. Somoe akamkumbatia mwanawe, akarudi naye chumbani.

"Huyu hatoki," akasema.

"Shoga yangu, mtoto hutolewa," akasema Binti Chande, jirani yake aliyekua naye. "Asipotolewa atalijuaje jua?"

"Nje imekula wawili. Huyu haimwoni."

Akaagiza mlango wa mninga, mzito, wenye komeo nje na komeo ndani. Madirisha akayaziba kwa udongo. Akienda shamba, komeo la nje. Akirudi, komeo la ndani. Wala msiseme alikuwa mama mbaya, wajukuu zangu. Alimpikia Tatu uji wa nazi, akamsuka nywele, akamwimbia mpaka usingizi umchukue. Ila alimfundisha somo moja tu.

"Tatu, nje kuna nini?"

"Nje kuna kufa, mama."

"Na ndani?"

"Ndani kuna wewe."

— Bibi, alikuwa hachezi kombolela?

Acheze na nani, Shomari?

Kijijini pale watoto wenye meno ya utotoni walikuwa mikononi mwa Binti Chande. Hawakuwa na darasa la ukuta. Asubuhi aliwakusanya kama mtu akusanyavyo kuku, akawapeleka kwa msimu. Msimu ndio uliofundisha; yeye kazi yake ilikuwa kuwafuta kamasi na kuwazuia wasipigane.

Basi Tatu akafika umri wa kwenda nao. Masika yakaingia. Mvua ikanyesha, ardhi ikalainika, watoto wakakaa uwanjani wakafinyanga vyungu na ng'ombe, wakachora kwa vidole, wakajua hiki kirefu na hiki kifupi, hiki kizito na hiki chepesi. Tope likatazama, likaona mmoja hayupo. Likajikokota, likajikokota, likafika mlangoni kwa Somoe, likaimba:

*Somoe, Somoe, fungua mlango,*
*msimu ni mfupi, mtoto ni mchanga.*

"Nani wewe?" akauliza Somoe.

"Mimi Tope. Nipe mikono ya Tatu niifundishe kutengeneza kitu. Nitakurudishia jioni, michafu lakini mizima."

Naye Somoe akajibu kwa wimbo. Mtaujua sasa hivi, muitikie:

*Wawili mmekula, wa tatu hamumpati!*

— Wawili mmekula, wa tatu hamumpati!

Tope likalala pale chini ya mlango. Tatu akatambaa polepole, akapenyeza kidole kwenye upenyo, akaligusa. Likawa baridi. Likawa laini. Akalinusa, akacheka peke yake. Mama akakiona kile kidole. Akakisugua kwa majivu na maji, akakisugua mpaka kikawa chekundu, Tatu akalia. Kisha akakunja matambara, akaziba upenyo. Tope likakauka huko nje, likapasuka, likawa vumbi.

Masika yakaisha, kipupwe kikaja. Jua likawa la upole, vivuli vya asubuhi vikawa virefu kuliko wenyewe. Watoto wakapima vivuli vyao kwa mabua ya mtama. Wakapima tena jua likiwa utosini, wakaona vimekuwa vifupi, wakabishana nani amekula kipande. Wakajifunza kwamba siku hutembea. Kikajitenga kivuli kimoja kisicho na mtoto, chembamba, kikaja kimejibanza ukutani mpaka mlangoni kwa Somoe. Kikaimba:

*Somoe, Somoe, fungua mlango,*
*msimu ni mfupi, mtoto ni mchanga.*

"Nani wewe?"

"Mimi Kivuli cha Tatu. Nimezaliwa naye siku moja, lakini humo gizani sina mwili. Mtoe anione. Sina mkono wa kumpiga wala mdomo wa kumla. Nitamfuata tu."

*Wawili mmekula…*

— …wa tatu hamumpati!

Sasa, ukuta ulikuwa na tundu dogo lililotobolewa na nyigu. Mwanga ukapita kama uzi. Tatu akaupelekea mkono, na sakafuni akaona mkono mwingine, mweusi, unacheza kama wake.

"Mama! Nani huyu?"

Somoe akageuka akaona. Angeweza kusema, huyo ni wewe, mwanangu. Neno hilo moja tu. Lakini hofu ilikuwa imeshautangulia ulimi.

"Ni mdudu wa nje," akasema. "Ukimwona, kimbia. Usimsubiri."

Akachukua udongo, akaliziba tundu.

— Amemdanganya!

Amemdanganya, Sijali. Kwa mapenzi. Na uongo wa mapenzi ndio unaokaa sana moyoni, maana hakuna anayeutilia shaka.

Vuli ikapita na mvua zake chache, watoto wakapanda kunde wakazitazama zikichipua. Kiangazi kikaja. Ardhi ikawa ngumu, mbegu zikakauka kwenye maganda. Watoto wakaokota mbegu za mbaazi na za maboga, wakazitenga kubwa kwa ndogo, wakazihesabu kwa kuimba. Wakalala matumbo chini kuwafuata sisimizi, kuona wanakokwenda. Nao sisimizi wakapinda njia yao, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na punje yake, mpaka mlangoni kwa Somoe.

*Somoe, Somoe, fungua mlango,*
*msimu ni mfupi, mtoto ni mchanga.*

"Akina nani ninyi?"

"Sisi Sisimizi. Hatutaki kumuuma. Tunataka kumwonyesha njia, ile itokayo nyumbani na ile irudiyo nyumbani. Asiyefundishwa akiwa mdogo…"

Hawakumaliza. Kabla Somoe hajafungua kinywa, sauti nyembamba ikatoka ndani, sauti ya Tatu mwenyewe:

*Wawili mmekula, wa tatu hamumpati!*

Ninyi mbona hamkuitikia?

— Tumeogopa, Bibi.

Somoe hakuogopa. Alicheka kwa furaha, akambeba mwanawe akamzungusha. "Sasa umekuwa mtu mzima!" akamwambia. Nje, Binti Chande aliyekuwa amewafuata watoto wake akasikia ile sauti, akaketi palepale vumbini akalia. Sisimizi wakageuza njia. Hawakurudi.

Basi yakaja masika mengine, na hayo hayakuwa ya mchezo. Mvua ilinyesha ikakosa adabu. Nyumba ya Somoe ilikuwa ya fito na udongo kama nyumba zote, na ukuta usioingia hewa haukauki. Asubuhi moja Somoe alikuwa shambani anapalilia mpunga, komeo la nje limefungwa. Mvua ikakatika, jua likatoka kwa nguvu. Ukuta wa nyuma ukaguna, ukainama, ukaangukia nje. Pu!

Tatu akabaki amekaa kitandani, mbele yake ulimwengu wote.

Watoto waliokuwa wakifinyanga uwanjani wakaona. "Tatu katoka! Tatu katoka!" Wakamkimbilia kwa furaha, mikono imejaa tope, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumshika. Tatu akaona nini? Akaona kufa kunakuja mbio kwa miguu mingi. Akaruka kifusi, akakimbia.

Akatazama chini, akamwona yule mdudu mweusi. Ameshika miguu yake. Akikimbia, anakimbia. Akiruka, anaruka. Mama alisema, usimsubiri. Hakumsubiri. Akapita migomba, akapita mashamba, akaingia porini.

"Tatu! Simama, mwanangu!" akaita Binti Chande. Watoto nao wakaita. Kila jina lake lilivyoitwa ndivyo alivyozidi mbio.

Habari zikamfikia Somoe shambani upesi. Akatupa jembe. Akaingia porini kwa mikono mitupu, anaita, "Tatu! Tatu, ni mimi mama yako!" Lakini Tatu aliijua sauti ya mama ya chumbani, ile ya karibu na sikio. Sauti ya mama iliyobebwa na upepo, ikagonga miti, ikarudi mara mbili, hiyo hakuijua. Alipoisikia alijificha zaidi.

Kijiji kizima kikamtafuta. Walimkuta alasiri ya siku ya pili, ndani ya gogo lililooza katikati, amejisokomeza humo na kuziba mdomo wa gogo kwa majani. Hai. Miguu imejaa miiba. Walipomvuta alipiga ukelele hata wanaume wazima wakaziba masikio. Hakunyamaza mpaka Somoe alipomfunika kichwa kwa kanga, akawa gizani.

— Amepona, Bibi! Alhamdulillahi.

Subiri, Shomari.

Somoe aliporudi naye alikuwa mtu mwingine. Ukuta wa nyuma aliujenga baadaye, si siku hiyo. Akaenda kwa Binti Chande, akapiga magoti.

"Shoga yangu, nimekosa. Mchukue. Mfundishe kama wenzake."

Binti Chande akamwinua. "Nitajaribu," akasema. Hakusema nitaweza.

Wakajaribu, wajukuu zangu. Msidhani hawakujaribu. Walimweka mkononi kidonge kidogo cha tope, akasugua viganja vyake kwa majivu mpaka vikatoka damu. Kipupwe kilipokuja wenzake walimwita aje wapime vivuli, naye akakipiga mawe kivuli chake, analia kwa nini hakifi. Kunde aliyopewa apande aliificha mvunguni, ikaoza. Sisimizi wa kiangazi aliwakanyaga mmoja mmoja huku anauimba ule wimbo wa mama yake. Mama yupo pale anasikia. Watoto wengine wakang'oka meno, wakaota mapya, wakaenda kujifunza kulima na kusuka. Wadogo zao wakachukua nafasi uwanjani. Tatu akabaki kuwa mkubwa kuliko wote, na mgeni kuliko wote.

Somoe aliliendea Tope asubuhi moja ya masika, akachutama.

"Mwanangu amekuja sasa," akasema. "Mbona humfundishi?"

"Nilikuja mlangoni kwako," likajibu Tope. "Aliponigusa kwa kidole alicheka. Unakumbuka? Kicheko kile kilikuwa cha umri ule. Mimi hufinyanga kitu kikiwa kibichi, Somoe. Si kwamba nakataa. Siwezi."

Siku ile Somoe hakwenda shamba. Alirudi nyumbani akachukua shoka. Akaupiga ule mlango wa mninga, akaupiga mpaka ukang'oka pamoja na makomeo yake, akaukata kuni. Alikata mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwanga ukaingia nyumbani mzima mzima, ukafika mpaka kitandani. Ungeweza kuona rangi ya mkeka.

"Tazama, Tatu," akasema Somoe, jasho linamtoka, anajaribu kutabasamu. "Hakuna tena komeo. Toka uende unakotaka. Ndani na nje sasa ni mamoja."

Tatu alikuwa amejikunyata kwenye pembe, magoti kidevuni, viganja machoni.

"Mama," akasema, "funga."

"Hakuna cha kufunga, mwanangu."

"Funga, mama. Nakuomba. Funga."

Somoe akatazama huku na huku. Watoto wa Binti Chande walikuwa wanapita na makelele yao, wanafuata kipepeo. Akawatazama mpaka wakapotea. Kisha akaenda pale ulipokuwa mlango, akasimama, akatanua kanga yake kwa mikono miwili, akauziba mwanga kwa mgongo wake.

"Hivi?" akauliza.

"Hivi," akasema Tatu.

Akasimama hivyo.

— Mpaka lini, Bibi?

Wapita njia walimkuta hapo wakati wa kwenda shamba, na wakati wa kurudi walimkuta hapo. Siku nyingine hivyo hivyo, na nyingine.

— Na Tatu alikua?

Alikua, Sijali. Ndiyo hivyo. Alikua.

Basi funzo ni hili, nanyi siku moja mtakuwa na watoto: hofu ya mzazi ni haki yake, lakini asimlishe mtoto. Kila msimu huja na somo lake, hubisha hodi, hungoja kidogo, huenda zake. Mtoto asiyechafuka kwa wakati wake hana maji ya kumsafisha baadaye.

Hadithi yangu imekomea hapo, pabaya, nami sina pazuri pa kuipeleka. Kesho mvua ikikatika, sitaki kumwona mmoja wenu ndani.